Mtoto wa Dunga alivyonyoroshwa na bahari

Mimi nimezaliwa Dunga, ufuo wa wavuvi wa Ziwa Victoria pale Kisumu, boti ya omena nimepanda nikiwa darasa la tatu, na ile feri ya Luanda Kotieno kwenda Mbita nimeivuka mpaka nimeacha kuhesabu. So nilipopata kontrakti ya kuosha vyombo kwa meli ya watalii huko Ulaya nilizunguka Kisumu mzima nikiambia watu bahari ni ziwa tu lenye chumvi. Omera, hayo maneno nimeyameza, tena bila maji.

Mambo ya karatasi sirudii, kuna mafunzo ya usalama, kuna medikali, kuna viza, pesa ilienda kama laki na nusu, pengine mbili. Shida yangu ni ushauri wa vile nisitapike baharini. Kila mtu alikua na wake. Jamaa mmoja ati nikunywe soda baridi. Mwingine ati nipige vikombe viwili vya kitu kali nilale. Na mjomba wangu, mvuvi wa miaka thelathini na kitu, akaniita kando kabisa: "Beba ndimu. Na siku mawimbi yakikuja usitie kitu tumboni, tumbo tupu haina cha kutapika." Sasa mtu ametoa mbuta majini maisha yake yote, wewe ni nani umpinge?

Tulitoka Southampton, Uingereza, jioni moja ya Novemba, kesho yake mchana tukaingia Ghuba ya Biscay, ile bahari kati ya Ufaransa na Uhispania. Huko mawimbi yanatoka Atlantiki bila kitu cha kuyazuia njiani, halafu sakafu ya bahari inapanda ghafla kutoka zaidi ya mita elfu nne hadi chini ya mia mbili. Kapteni akatangaza kwa spika pole pole, sauti ya mtu anasoma menyu, ati usiku mawimbi yatafika mita sita. Swimming puli ikatolewa maji. Nikaona wenzangu wanapachika mifuko ya kutapikia kwa reli za ngazi, moja hapa moja pale, wamepanga vizuri kama maua ya harusi. Nikacheka. Nilicheka walai.

Ziwa letu, upepo wa alasiri ukipiga, mawimbi ni mafupi yenye hasira, yanakuchapa chapa, unalowa, unaona Mlima Homa pale, unafika. Bahari haina haraka. Inakuinua pole pole, inakushikilia huko juu kidogo kama inafikiria, halafu inaachilia. Wewe unashuka, tumbo linabaki juu. Na ile meli ina mapezi pembeni chini ya maji ya kupunguza kuyumba upande kwa upande, lakini hii ya pua kupanda na kushuka mapezi hayana habari nayo.

Nikafuata mjomba. Sikula lanchi, sikula dina, nikajifungia kabini. Kabini zetu ziko chini kabisa, hakuna dirisha, nikalala chali nikinyonya ndimu huku naangalia simu nisahau. Kumbe nimefanya makosa matatu kwa mpigo! Macho yanasema kila kitu kimetulia, sikio la ndani linasema tunaruka, ubongo unachanganyikiwa na bili inatumwa kwa tumbo. Nilitapika ndimu. Halafu nikatapika bila kitu, ambayo ni mbaya zaidi, unavuta mpaka unaona nyota. Mara ya nne nikaanza kutubu dhambi za 2009.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja Mfilipino, supavaiza wa vyombo, ambaye aliniita Kenya tu, jina langu hakuwahi jifunza. Alifungua mlango, akaona ndimu, akaangua kicheko. "Kenya, kula." Akanipa epo ya kijani na biskuti za chumvi, kidogo kidogo, kama unalisha kuku mgonjwa. Ndio akanieleza dawa ya kichefuchefu inamezwa kabla bahari haijachafuka, ukishaanza kutapika unaitapika pia. Niliimeza siku iliyofuata na ikashika, ingawa inaleta usingizi, nilioshea sahani kwa ndoto. Pia akanitoa kule jikoni ya nyuma, mahali panaruka zaidi, akaniweka kantini ya wafanyakazi katikati ya meli ambapo kuna dirisha, nikizidiwa naangalia mstari wa mbali pale maji yanakutana na mbingu.

Lakini ile nilipenda zaidi ni ya kulala. Nilikua nabingirika usiku mzima, nimeshaanguka mara mbili na kitanda changu kilikua cha juu! Mzee akachukua jaketi la kuokolea, akalisukuma chini ya godoro upande wa nje, godoro likainuka, likakua kama mtumbwi, mimi niko kwa bonde kati ya godoro na ukuta. Nililala kama mtoto amefungwa mgongoni. Miezi minane nimelala hivo.

Kutembea ndio hakuna mtu alinifundisha, hiyo nilitoka nayo nyumbani. Simama kama makanga wa matatu ya Busia mlangoni, magoti laini, mkono mmoja daima umeshika kitu, na usipigane na gari, enda nayo. Wazungu walikua wanaanguka na visahani vyao mimi napita na trei ya glasi, chini yake nimetandika kitambaa kimelowa ndio zisiteleze. Hapo hata Mzee alitikisa kichwa.

Tulipofika Lisbon nikapigia mjomba, nikamweleza yote, epo, biskuti, dawa, jaketi. Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza, "Kwani ulibeba ndimu ngapi?" Nikasema sita. "Ndio hiyo shida," akasema, "zilikua kidogo." Na mpaka leo ukienda Dunga utaambiwa kuna kijana alivuka bahari ya Wazungu kwa nguvu ya ndimu za mjomba wake.