Fremu Moja ya Ziada

Moshi, Alhamisi usiku

Leo nimeziondoa kwenye uchambuzi rekodi za watu kumi na mmoja, na moyo bado ni mzito. Kompyuta ya chumba chetu cha vipimo vya uoni ilijisasisha Jumapili usiku, ikawa na toleo jipya la mfumo endeshi, na Jumatatu asubuhi hatukuona tofauti yoyote kiooni.

Psychtoolbox, programu ambayo watafiti wa uoni wameitegemea tangu miaka ya 1990, hukagua mpigo wa kioo kabla ya jaribio kuanza, na ikiona muda umevurugika hukataa kuendelea. Jumatatu ilikataa. Watu walikuwa wameshakaa kwenye benchi, mwenzangu akaandika amri ya kuruka ukaguzi huo, nami niliyekuwa nimesimama karibu yake nikakubali. Hilo ndilo linaloniuma.

Kioo chetu huchora picha mara 60 kwa sekunde, yaani kila fremu hudumu takriban milisekunde 16.7, na nukta yetu ya mwanga hafifu hupaswa kuonekana kwa fremu mbili tu. Baada ya masasisho, picha haikwenda tena moja kwa moja kwenye kioo, bali ilipitia kwanza kwa msimamizi wa madirisha, ambaye huunganisha picha za programu zote kabla ya kuzitoa, na humo ndimo fremu ilimochelewa. Jana jioni nilibandika diodi inayohisi mwanga kwenye kona ya kioo, nikaiunganisha na osiloskopu, kifaa kinachoonyesha mabadiliko ya umeme kadiri muda unavyopita, nikakaa nikisoma milisekunde: 33, 33, 50, 33, 50, yaani mara nyingine nukta ilibaki kwa fremu tatu badala ya mbili.

Milisekunde 17 si kitu kwa mtu anayetazama filamu. Lakini tangu mwaka 1885, mtafiti Bloch alipoeleza jinsi jicho linavyokusanya mwanga, inajulikana kwamba ndani ya takriban milisekunde 100 muda na ukali wa mwanga hufidiana, kwa hiyo fremu ya tatu humpa mshiriki nusu nzima ya mwanga zaidi, naye huonekana ana macho makali kuliko aliyo nayo. Kwa kuwa ucheleweshaji huo hauji kila mara, wala programu haikuuandika popote, hakuna hesabu ya kuutoa baadaye. Nimejaribu mpaka saa nne usiku.

Tumerudisha toleo la zamani, tumezima masasisho ya kujiendesha na kuchomoa waya wa intaneti, na diodi itabaki pale konani kila asubuhi kabla ya mshiriki wa kwanza kuingia.

Miongoni mwa wale kumi na mmoja yumo bibi mmoja aliyeteremka kutoka Marangu kwa daladala, akakaa gizani dakika arobaini bila kulalamika, nami nikamwambia, "Asante sana, Bibi, tumemaliza." Kesho nitampigia simu, nimwamkie, nimweleze kosa letu, kisha nimwombe aje tena, na nauli nitailipa mimi.