Nilivyohamisha marejeleo 58 kutoka mtindo wa mwaka hadi wa nambari

Muswada ulihusu kaa wa mikokoni, Scylla serrata, katika hori la Tudor hapa Mombasa. Jarida la kwanza lilitaka jina la mwandishi na mwaka ndani ya matini. La pili likataka nambari, mtindo wa Vancouver. Kubadilisha mtindo wenyewe ndani ya Zotero, programu ya kutunza marejeleo, ni sekunde chache: unafungua mapendeleo ya hati, unachagua mtindo, basi. Jioni mbili nzima nilizomaliza hapo zilikwenda kwenye kusafisha taarifa za kila rejeleo, kwa sababu programu huchapa kile tu ilichowekewa.

Kanuni yangu ni moja: orodha ya marejeleo siigusi ndani ya Word. Ukiongeza koma au kufuta herufi kwa mkono, programu ikijisasisha inaandika orodha yote upya na koma yako inapotea. Nikiona kosa kwenye orodha narudi kwenye maktaba ya Zotero, nalirekebisha kwenye kisanduku chake, halafu nabofya Refresh. Nambari zilizo ndani ya matini vilevile. Ukiandika 14 juu ya 13 kwa kidole chako, nambari hiyo inaganda hapo hata rejeleo lingine likiongezwa mbele yake. Ili nisijisahau, nimeseti Word ionyeshe kivuli cha kijivu kwenye kila sehemu inayojiendesha. Nambari isiyo na kivuli imekufa, naifuta na kuiweka upya.

Nilianza na nakala pacha, nikiwa bado kwenye mtindo wa mwaka, maana huko zinajitokeza zenyewe. Ukiona 2014a na 2014b na una makala moja tu ya mwandishi huyo ya mwaka huo, umeiingiza mara mbili. Kwenye mtindo wa nambari pacha hao wangepewa nambari mbili tofauti na usingegundua mpaka mhakiki akuambie. Usifute mmoja: nenda kwenye folda ya nakala zinazojirudia uwaunganishe. Ukiunganisha, muswada unaendelea kuitambua makala. Ukifuta, uzi unakatika. Dalili nyingine ni herufi ya kwanza ya jina kuchomoza ndani ya matini, mathalani "S. Mohamed, 2015" pale ulipotarajia "Mohamed, 2015". Maana yake mtu mmoja ameandikwa kwa namna mbili, mara Salim, mara S., na programu inadhani ni watu wawili.

Majina yetu ya Pwani yana shida yake. Salim Ali Mohamed hana jina la ukoo kwa maana ya kizungu, lakini hifadhidata huchukua neno la mwisho na kuligeuza kuwa ukoo. Mimi hufuata jinsi mwenyewe alivyochapishwa kwenye ukurasa wa kwanza wa makala, hata kama rafiki zake wanamwita vingine, kwa kuwa msomaji atamtafuta kwa jina lililochapishwa.

Mashirika ndiyo yaliyonichekesha. Ripoti ya National Environment Management Authority (NEMA) ilitoka kwenye orodha ikiwa na mwandishi aitwaye "Authority NEM", kana kwamba kuna Bwana Authority mwenye herufi tatu za mwanzo. Sababu ni kwamba jina lilikuwa limegawanywa kwenye visanduku viwili, cha ukoo na cha jina la kwanza. Kando ya jina kuna kitufe kidogo cha kuvifanya kisanduku kimoja. Kibofye, andika jina zima, na NEMA wanarudi kuwa taasisi.

Kisha vichwa vya makala. Majina ya Kilatini ya viumbe lazima yalale, yaani yawe italiki, na Zotero hulaza maneno yaliyozungushiwa alama, hivi: <i>Scylla serrata</i>, ndani ya kisanduku cha kichwa chenyewe. Nililipitia kila rejeleo lenye jina la Kilatini. Kazi ya kuchosha lakini haina njia ya mkato ninayoiamini. Vichwa vilivyokuja na herufi kubwa kila neno nilivishusha kwa amri ya programu, halafu nikavisoma kwa macho, maana amri hiyo inaweza kushusha na visivyostahili: ukapata "mida creek, kenya" bila aibu yoyote.

Vancouver, jina lililotokana na kikao cha wahariri mjini humo mwaka 1978, si mtindo mmoja. Majarida mengine huweka nambari kwenye mabano, mengine huipandisha juu. Mengine hutaja waandishi sita kisha et al. (na wengine), mengine watatu. Hazina ya Zotero ina mitindo zaidi ya 10,000, kwa hiyo tafuta jina la jarida lenyewe kwanza. Halafu fungua makala mbili walizochapa karibuni ulinganishe, kwa sababu maagizo kwa waandishi mara nyingi hubaki nyuma ya kinachochapwa. Vifupisho vya majina ya majarida navyo vikague: Marine Pollution Bulletin huwa Mar Pollut Bull, lakini jina la neno moja kama Aquaculture halifupishwi.

Ripoti za zamani za Pwani hazina DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha chapisho mtandaoni, na nyingine zipo kwenye karatasi tu. Ukiipata maktabani, piga picha ukurasa wa jina na mgongo wake, ndiko mchapishaji, mji na mwaka vilipo. Kama kichwa kinasema "Kilifi District", kiache hivyo. Usikigeuze kuwa kaunti.

DOI zenyewe nilizibofya moja moja, zote. Ukinakili kutoka PDF, mstari uliokatika huingiza nafasi au kistari katikati, na nukta ya mwisho wa sentensi hujibandika mkiani. Kiungo kinaonekana kizima na hakifunguki. Hapo hapo Zotero ikionyesha utepe mwekundu juu ya rejeleo, makala hiyo imeondolewa na jarida lake. Amua kama bado unaihitaji.

Mtego ulionikawiza zaidi ulikuwa jedwali. Zotero huhesabu kwa kufuata mahali rejeleo lilipo kwenye hati, ilhali jarida linataka nambari zifuate pale jedwali linapotajwa kwanza. Majedwali yangu yalikuwa mwisho wa hati, hivyo marejeleo yaliyokuwa ndani yake peke yake yakapata 55 hadi 58 badala ya kuanzia 21. Niliyapandisha majedwali chini ya aya inayoyataja, nikasasisha, na nikayarudisha mwisho kwenye nakala ya kutuma tu, baada ya kukata uhusiano kwa Unlink Citations. Amri hiyo hairudi nyuma. Weka faili mbili, moja hai na moja ya kutuma, na wahakiki wakirudisha maoni ufanye kazi kwenye ile hai.

Mwenzako akiandikia Google Docs, asipakue docx moja kwa moja, atapata nambari zilizokufa. Apitie kwanza mapendeleo ya hati, palipo na amri ya kuhamia programu nyingine ya kuandikia.

Mfumo wa jarida ukishatengeneza PDF yake, mimi huangalia vitu viwili kabla ya kuthibitisha: rejeleo la mwisho ni 58 kweli, na vistari vya kurasa havijageuka visanduku vitupu.