Nilihama Programu ya Maili Bila Kuhama Ndege

Kwa miaka sita nilikuwa mwanachama wa programu moja ya maili, yaani mpango wa kumpa abiria pointi ziitwazo maili kwa kila safari, ili baadaye azibadilishe kuwa tiketi. Ilikuwa ya shirika la ndege ambalo kazi yangu ilinipandisha mara nyingi kuliko mengine. Sikuichagua. Fomu ilijitokeza siku nilipokuwa nikilipia tiketi yangu ya kwanza, nikaijaza, na tangu siku hiyo namba ile ya uanachama nikawa naijua kwa kichwa kama namba yangu ya simu. Kila tiketi niliyokata, niliiandika.

Kilichonizindua ni safari moja ndefu ya kwenda na kurudi, kama maili 9,000 angani kwa jumla. Wiki moja baada ya kurudi nilifungua akaunti nikakuta nimeongezewa maili 2,250. Nilijua moja kwa moja kuwa kuna ndege haijaandikwa. Nikatuma barua pepe, nikaambatisha picha za pasi zangu zote za kupandia ndege, nikasubiri siku kumi na moja. Jibu lilikuwa la sentensi mbili: safari zote zimeingia, na tiketi yangu ilikuwa ya nauli ya T, ambayo hulipwa asilimia 25 ya umbali.

Nilizitoa zile pasi nikaziangalia upya. Kweli, pembeni ya namba ya ndege palikuwa na herufi T, ndogo, peke yake. Nilikuwa nimeshika karatasi za namna hiyo mara nyingi sana na sikuwahi kujiuliza ile herufi inafanya kazi gani.

Inafanya kazi kubwa. Sote tunajua daraja la kawaida na daraja la biashara, lakini ndani ya daraja moja kuna ngazi nyingi za nauli na kila ngazi ina herufi yake. Y mara nyingi ndiyo nauli kamili ya daraja la kawaida, halafu herufi nyingine zinashuka kadiri bei inavyopungua. Abiria wawili wanaweza kukaa viti vya jirani, mmoja akapata maili zote za umbali ule na mwenzake akapata robo, au asipate hata moja. Jambo ambalo sikulijua, na lililobadilisha mawazo yangu yote kuhusu suala hili, ni kwamba ile asilimia haitegemei tu ndege uliyoipanda. Inategemea pia programu unayoiandikisha safari hiyo. Herufi T ileile, kwenye ndege ileile, ilikuwa na thamani moja kwenye programu yangu na thamani nyingine kwenye programu ya jirani.

Hilo linawezekana kwa sababu ya miungano, yaani makundi ya mashirika ya ndege yanayoshirikiana. Star Alliance ilianzishwa mwaka 1997, oneworld ikafuata mwaka 1999, SkyTeam mwaka 2000. Ukipanda ndege ya shirika lolote ndani ya muungano, unaweza kuandikisha safari hiyo kwenye programu ya shirika jingine la muungano uleule. Huwezi kuandikisha sehemu mbili. Ni moja tu, na wewe ndiye unayechagua. Mashirika mengine, kama Emirates, hayamo kwenye muungano wowote, ila yana makubaliano yake na shirika mojamoja. Shirika langu lilikuwa la Star Alliance. Kwa maneno mengine, miaka yote sita nilikuwa na milango karibu ishirini, na nilikuwa nikipita mmoja.

Nilianza kulinganisha kama watu wengi wanavyolinganisha, nikakosea. Nilisoma kurasa za matangazo za programu saba au nane, nikaandika nani anatoa zawadi gani, nani ana kadi ya rangi gani. Baada ya jioni mbili nilikuwa na karatasi iliyojaa na sikuwa na jibu. Kila programu inajua kujisifu. Ndipo nilipoziweka kando zile kurasa nikafungua barua pepe zangu za mwaka mzima uliopita, nikatafuta kila tiketi niliyosafiria. Zilikuwa ndege kumi na sita. Nikatengeneza jedwali: safu ya kwanza shirika, ya pili umbali, ya tatu herufi ya nauli, ya nne pesa niliyolipa kabla ya kodi. Kisha kwa kila programu niliyoitilia maanani nikaongeza safu yake, nikapiga hesabu ningepata maili ngapi kama ningeandikisha huko.

Hii ndiyo kazi yenyewe, na inachukua muda. Kila programu ina ukurasa wa kila shirika mshirika, na humo kuna orodha ya herufi na asilimia zake. Kaa nazo kwa utulivu. Herufi ikikosekana kwenye orodha, maana yake ni sifuri. Nilikuta programu moja niliyokuwa nimeipenda sana inazipa sifuri ndege tisa kati ya zile kumi na sita. Kama ningefuata tangazo ningehamia huko.

Ile safu ya pesa niliiweka kwa sababu hesabu za maili zimebadilika. AAdvantage ya American Airlines ilipoanza mwaka 1981, maili ilikuwa maili: umbali uliosafiri. Mwaka 2015 Delta na United wakaanza kuhesabu kwa pesa abiria aliyotumia, American wakafuata mwaka 2016. British Airways nao, tangu Aprili 2025, wanahesabu pointi za hadhi kwa pauni unayotumia kwenye ndege zao: pointi moja kwa kila pauni inayostahili, na kadi ya fedha inahitaji 7,500, ya dhahabu 20,000. Programu za namna hii zinampendelea anayekata tiketi ghali dakika za mwisho. Mimi tiketi zangu hukatwa mapema na kwa bei ya chini, lakini zinaenda mbali. Mtu wa aina yangu anahitaji programu ambayo bado inaheshimu umbali. Rafiki yangu wa kazini, ambaye husafiri safari fupi kwa nauli za juu, alifanya hesabu hiihii na majibu yake yakaja kinyume kabisa cha yangu. Hii ndiyo sababu siitaji programu niliyoichagua. Ingemfaa mtu mwenye tiketi kama zangu peke yake.

Kuna kosa jingine nililotaka kulikwepa: kuchanganya vitabu viwili. Karibu kila programu ina hesabu mbili zinazoenda sambamba. Ya kwanza ni maili za kutumia, unazobadilisha kuwa tiketi. Ya pili ni pointi za hadhi, zinazokupa kadi ya fedha au dhahabu, na hizo hazitumiki kununua chochote. Mwaka wako ukiisha zinaanza upya. Programu inaweza kuwa na ukarimu mkubwa kwenye kitabu cha kwanza na kuwa bahili kwenye cha pili. Nikalazimika kujiuliza ni kipi ninachokihitaji hasa, na jibu langu lilikuwa wazi: hadhi. Naunganisha ndege kwenye viwanja vikubwa, mara nyingine nasubiri saa sita au saba usiku. Dhahabu ya Star Alliance, hadhi inayotambuliwa na mashirika yote ya muungano huo, inakupa ukumbi wa kupumzikia pamoja na mgeni mmoja, foleni ya haraka kaunta, na mzigo wa ziada: kilo 20 pale mizigo inapopimwa kwa uzito, au begi moja zaidi pale inapohesabiwa kwa idadi. Kwa mtu mwenye mgongo kama wangu, kiti cha kulalia katikati ya safari ya saa ishirini si anasa.

Hapa nikagundua kitu ambacho sikukitegemea hata kidogo. Kadi ya dhahabu ya programu ya nje wakati mwingine inakufungulia zaidi kuliko ya wenyewe. Mwanachama wa dhahabu wa United akiwa na safari ya ndani ya Marekani tu, haingii kwenye kumbi za United kwa kadi hiyo. Mwenye dhahabu ya Star Alliance kutoka programu nyingine, kwenye safari ileile, anaingia. Nilisoma kanuni hiyo mara tatu kuhakikisha nimeielewa.

Baada ya kuona nitapata nini, nikapima upande wa kutoa. Nilichagua njia mbili ninazozijua na tarehe moja, nikatafuta kiti cha zawadi, yaani cha kulipiwa kwa maili, kupitia kila programu. Hili linafanyika bila kununua kitu, na lilinifundisha kuliko maelezo yoyote. Kiti kimoja, ndege moja, siku moja: programu mbili ziliomba maili zinazokaribiana, lakini moja ikaongeza ada ndogo ya uwanja, na nyingine ikaweka juu yake ada za shirika, zile za mafuta, mpaka jumla ya pesa ikafika zaidi ya nusu ya tiketi ya kawaida. Nilikaa naangalia ile skrini kwa muda. Mtu anaweza kukusanya maili miaka minne kwa ajili ya kiti hicho halafu akaambiwa alipe nusu yake tena. Tangu hapo, nikisikia mtu anasifu programu kwa idadi ya maili, swali langu ni moja: ulipokwenda kuzitumia, ulilipa pesa ngapi?

Muda wa maili kuisha sikuupa uzito mkubwa kwa kuwa nasafiri kila mwaka, ila kwa anayesafiri kwa nadra huenda ndilo jambo la kwanza. KrisFlyer ya Singapore Airlines na Miles&Smiles ya Turkish Airlines zinazipa maili miaka mitatu, uwe umesafiri katikati au hukusafiri. Avios, ndizo maili za British Airways, zinabaki hai mradi akaunti isikae miezi 36 bila chochote kuingia wala kutoka. Delta na United walikwisha kuondoa ukomo kabisa.

Jedwali lilipokamilika, programu mbili ndizo zilizobaki mbele, zote za Star Alliance. Niliyoichukua ni ya shirika ambalo ndege zake nimezipanda mara mbili tu maishani. Kwa tiketi zilezile kumi na sita ningepata mara mbili na ushee ya nilichokuwa nimepata, na ningefika dhahabu mwezi wa tisa badala ya kukosa kabisa. Mashirika ninayopanda, viti, njia, vyote vikabaki vilevile.

Kuhama kwenyewe kulitaka subira. Wazo langu la kwanza lilikuwa kuomba programu mpya itambue kadi yangu ya zamani, maana mashirika mengine hufanya hivyo ili kuvuta wateja. Lakini mara nyingi wanavuta kutoka muungano mwingine. Kwa ndani ya muungano mmoja, ombi langu lilikataliwa, na nikajua nitaanza kutoka chini. Kwa bahati kadi yangu ya dhahabu, niliyokuwa nimeipata kabla ya mwaka ule wa jedwali, ilikuwa bado na miezi kumi na nne kabla ya kuisha. Nikapanga kuhama mwanzoni mwa Januari, kwa kuwa programu mpya inahesabu mwaka wa kalenda, ili nipate miezi kumi na mbili kamili ya kukusanya huku ya zamani ikiendelea kunifungulia milango. Kwenye kumbi za kupumzikia nilionyesha kadi ya zamani pamoja na pasi ya siku hiyo, ikakubalika.

Maili zilizobaki nyuma, 41,000, sikuziacha. Haziwezi kuhamishwa kwenda programu nyingine, na programu ninayoiacha haina sababu ya kuzilinda thamani kwa ajili yangu. Nilizitumia kumkatia mama tiketi ya kuja kumwona mjukuu wake wa kwanza. Zilibaki mia sita na kitu.

Safari yangu ya kwanza kwa namba mpya ilikuwa njia ileile ndefu, na herufi kwenye pasi ilikuwa ileile T. Kaunta, dada aliyenihudumia aliniambia kwenye tiketi kuna namba nyingine ya uanachama. Ofisi yetu ilikuwa imeiacha ya zamani kwenye kumbukumbu zake. Nikamwomba aifute aandike mpya, nikasoma tarakimu moja baada ya nyingine, kisha nikaiangalia imechapishwa kwenye pasi kabla sijaondoka pale. Pasi zote nilizihifadhi kwenye bahasha mpaka maili ziingie. Ziliingia siku ya nne baada ya kurudi: 4,500.