Kilo Mbili za Mchanganyiko

Moshi, Jumapili jioni

Jana asubuhi nilinunua kilo mbili za nyama ya ng'ombe katika bucha iliyo karibu na Soko la Mbuyuni, na kama kawaida niliomba mchanganyiko, kwa kuwa steki ina bei ya juu zaidi na watu wa nyumba yangu wanapenda mchuzi uliopikwa kwa mfupa. Muuzaji alikata mbavu, akaongeza shingo, akashusha shoka kwenye muundi mpaka uboho ukaonekana, kisha akakamilisha mzani kwa pande la mnofu wa paja. Vyote vikaingia katika mfuko mmoja.

Kwa miaka mingi nilipika mfuko huo kama ulivyotoka bucha. Niliosha nyama, nikakata vipande vyote kwa ukubwa mmoja, nikabandika sufuria na kungoja. Nyama ya muundi ilipokuwa bado inavutika kama mpira, ile ya paja ilikuwa tayari imeiva. Na muundi ulipolainika, paja lilikuwa limebaki nyuzi kavu zinazokwama kwenye meno. Mume wangu alikula bila kusema neno, lakini watoto walichagua vipande wakaacha vingine pembeni mwa sahani. Nilimlaumu muuzaji moyoni, nikidhani ameniuzia ng'ombe mzee, na nikahamia bucha nyingine, kisha nyingine tena.

Aliyenifungua macho ni mama mkwe wangu, siku aliposhuka kutoka Kibosho kuja kunipikia mtori nilipojifungua mtoto wa pili. Alimimina nyama yote kwenye sinia, akaanza kuitenga kwa vidole bila haraka: mifupa na nyama ya miguu huku, mbavu huku, minofu kule. Nilipomuuliza sababu alinijibu, "Mwanangu, mguu umetembea, mgongo umebebwa tu. Huwezi kuvipikia moto mmoja." Yeye alikulia katika boma ambamo ng'ombe alipochinjwa kwa sherehe ya ukoo, nyama iligawanywa kwa kufuata undugu, kila sehemu ikimwendea anayestahili, na kwa hiyo mtoto alimjua mnyama kiungo kwa kiungo kabla hajashika mwiko. Sisi tulioizoea nyama ya kupimwa kwa kilo tumeikosa elimu hiyo, na ninasikitika kwamba tumeikosa.

Maneno yake yanaelezeka vizuri. Ng'ombe wetu wengi wa kienyeji ni wale wenye nundu, ambao hutembea mbali katika nyika za Umasaini wakitafuta malisho na maji. Misuli ya miguu, shingo na kidari hufanya kazi kila siku, na kazi hiyo huijaza tishu ngumu za kolajeni zinazoshikanisha nyuzi za nyama. Kolajeni hailainiki kwa moto mkali wa haraka. Huyeyuka polepole katika unyevu na joto la nyuzi 70 na kuendelea, kwa saa kadhaa, ikageuka kuwa jelatini, na jelatini hiyo ndiyo inayoufanya mchuzi uwe mzito na kugandisha supu ikipoa. Sarara, ile minofu inayolala kando ya uti wa mgongo, ina kolajeni kidogo sana, kwa hiyo kuichemsha kwa muda mrefu hakuiongezei ulaini wowote, bali kunaikamua maji yake na kuiacha kavu. Leo ninaiona ile sarara niliyoichemsha saa mbili kwa ajili ya wageni, tena niliyoinunua kwa fedha nyingi, kuwa hasara kubwa kuliko zote nilizowahi kupata jikoni.

Jana basi nilitandaza nyama kwenye sinia kama alivyonifundisha. Muundi na shingo niliviweka katika maji baridi, nikatia tangawizi na chumvi kidogo, nikaacha jiko la mkaa lipate joto taratibu huku nikiengua povu. Maji yalipoanza kuchemka nilipunguza mkaa ili yatokote tu, na sikuligusa tena sufuria hilo kwa karibu saa tatu. Ninayo sufuria ya presha, na siikatai siku za kazi, kwa kuwa joto lake ndani hupita lile la maji yanayochemka wazi na nyama huiva kwa sehemu ndogo ya muda. Lakini kwa muundi napenda kuona, kuengua na kuonja. Hapa Moshi, kwenye kimo cha mita 900 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 97 badala ya 100. Mdogo wangu anaishi Arusha, kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, ambako huchemka kwenye nyuzi 95, na nimemshauri aache kuhesabu saa kwa muda wangu, kwa sababu sufuria lake linahitaji subira zaidi.

Mbavu nilizichemsha saa moja, nikazipaka limau, kitunguu saumu na chumvi, kisha nikazimalizia juu ya mkaa mpaka mafuta yake yakaanza kudondoka na kuungua kwa harufu ile ambayo hata majirani huitambua.

Mnofu wa paja ulihitaji uangalifu zaidi, na ndio niliouharibu mara nyingi kuliko nyama nyingine. Kwanza nilitazama nyuzi zinakoelekea, nikakata vipande vyembamba kwa kuzikingama, ili kila kipande kibebe nyuzi fupi ambazo meno huzitenganisha kwa urahisi. Nikavipaka utomvu kidogo wa papai bichi kwa nusu saa, si zaidi. Mwaka jana niliviacha usiku kucha nikidhani muda mrefu ni faida, na asubuhi nikakuta sehemu ya nje imekuwa kama uji huku ya ndani ikiwa ngumu vilevile, kwa kuwa kimeng'enya cha papai hula kile kinachokigusa na hakizami kwa urahisi. Baada ya hapo nilipasha mafuta kwenye kikaango mpaka yakawa moto kweli, nikakaanga nyama kidogo kidogo ili isitoe maji ikajichemsha yenyewe, nikaongeza kitunguu na pilipili hoho, na kwa dakika chache nikaipua. Watoto hawakuacha kipande pembeni mwa sahani.

Supu ya muundi ilikuwa imeganda alfajiri ya leo. Niliipasha, nikamenya ndizi mshare, nikaziacha ziive humo, nikaziponda kwa mwiko na kurudisha nyama niliyoichambua kutoka kwenye mfupa. Baada ya ibada tulipanda Kibosho na mtori huo ukiwa ndani ya hotipoti. Mama amepungukiwa meno, na mtori ni miongoni mwa vyakula vichache anavyovila kwa raha. Alionja kijiko cha kwanza, akanyamaza kidogo, akaniuliza uboho nimempa nani. Nikamfunulia kibakuli kidogo nilichokuwa nimekifunika kwa jani la mgomba.