Faili la mipangilio lilipobaki tupu
Jana usiku kihariri changu cha matini kiliganda tena, nikakizima kwa nguvu. Nilipokifungua, rangi na mikato yote ya kibodi vilikuwa vimepotea. Faili la mipangilio: baiti 0. Iliniuma sana, maana nimelijenga kwa miaka.

Kumbe kinapohifadhi, kwanza kinafuta yaliyomo, ndipo kinaandika upya; kikikatizwa hapo katikati, umekwisha. Njia salama ni kuandika faili la muda kando, kisha kulibadilisha jina lichukue nafasi ya lile la zamani.

Chanzo cha kuganda nilikipata kwa kuwasha kihariri bila viongezi (programu ndogo za kukiongezea uwezo), kisha kuvirudisha nusu nusu. Kimoja kilikuwa kikihifadhi mipangilio kila nilipobonyeza herufi! Nimekiondoa. Mipangilio sasa naitunza kwenye Git, programu inayoweka kumbukumbu ya matoleo ya faili.