Usafi wa pwani: jinsi tulivyozuia taka kurudi baharini

Kwa wanaohangaika kama tulivyohangaika sisi huku Dar es Salaam: watu wanajitokeza, wanaokota, viroba vinajaa, halafu haupiti muda chupa zile zile zimetapakaa tena mchangani. Tuliongeza watu. Tukaongeza viroba na glavu. Tukatangaza msikitini, kanisani na magengeni. Hali ikabaki ile ile.

Kilichosaidia ni kupanga tarehe kwa kuufuata mwezi. Mzee mmoja mvuvi ndiye aliyetuelekeza, Mungu ampe umri. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi unapoandama au ukiwa mpevu, hapa kwetu maji hujaa alfajiri na kupwa kabisa kama saa 4 au 5 asubuhi. Tukianza saa 1 tunayafuata yakitoka, ufuko wote uko wazi. Siku za maji mafu, yaani yanapojaa na kupwa kidogo, mwezi ukiwa nusu, muda huo huo maji yanapanda na mnabanwa kwenye ukanda mwembamba.

Lakini jambo dogo lililomaliza kazi ni hili: viroba havilali ufukoni. Maji yaliyokupwa asubuhi hurudi jioni, na kwenye bamvua hupanda zaidi ya mita 3 kutoka yalipokupwa, yakazoa kila kitu. Kwa hiyo tunaongea kwanza na mwenye guta, kile kigari cha magurudumu matatu cha kubebea mizigo, ndipo tunatangaza siku. Guta linasubiri juu barabarani tangu tunapoanza. Chupa za plastiki zinakaa kwenye viroba vya peke yake. Wanunuzi huzipima kwa kilo, na hela hiyo ndiyo inayolipa guta.