Maswali Tuliyoipelekea Intaneti

Kwa kijana wa leo, anayeiuliza simu yake swali kwa Kiswahili na kujibiwa papo hapo, si rahisi kueleweka nikimwambia kwamba mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, hapa Unguja, intaneti haikuwa chombo cha kujibu maswali. Ilikuwa chombo cha kutafutia kurasa, na baina ya kurasa hizo na jibu palikuwa na kazi nzima iliyomwangukia mwenye swali. Kazi hiyo niliiona kwa karibu, kwa kuwa katika miaka hiyo nilikuwa nikisimamia kompyuta za intaneti kafe moja ya Mji Mkongwe. Ukiwaondoa watalii waliokuja kusoma barua pepe zao, wengi wa wateja wetu walikuwa watu wa hapa waliokuja na jambo la kuuliza. Ninaamini kwa dhati kwamba jibu zuri lilitokana zaidi na namna mtu alivyolitengeneza swali lake kuliko na ubora wa mtambo aliouuliza.

Mitambo ya mwanzo kabisa haikutufikia. Archie, iliyoundwa katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal mwaka 1990 na Alan Emtage, mzaliwa wa Barbados (nami, kama mtu wa visiwani, hufurahi kila ninapoikumbuka habari hiyo), ilikusanya majina ya mafaili yaliyohifadhiwa katika kompyuta zilizo wazi kwa umma. Aliyetaka kitu alilazimika kulijua jina la faili au sehemu yake, kwani yaliyoandikwa ndani hayakutafutika. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Minnesota kikatoa Gopher, iliyopanga habari kwa menyu ndani ya menyu. Sisi tuliingia baadaye, wakati ambapo CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya kilikozaliwa wavuti, ilikwisha kutangaza, mwezi Aprili 1993, kwamba teknolojia ya wavuti ni huru kwa kila mtu, na kurasa zilikwisha kuwa nyingi kiasi cha kuhitaji mpangaji.

Mpangaji tuliyemjua kwanza alikuwa Yahoo, iliyoanzishwa na Jerry Yang na David Filo wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1994. Huko walikuwapo watu waliozitazama tovuti na kuziweka katika mafungu, na kuitumia orodha yao kulikuwa kama kuingia sokoni Darajani: ajuaye samaki wako upande gani na viungo upande gani hafiki kwa kuuliza kila meza. Kwa mambo makubwa ya dunia ilitufaa sana. Tulipoteremka kutoka Afrika hadi Tanzania na kutoka Tanzania hadi Zanzibar, tulichokikuta zaidi ni hoteli na kampuni za kutembeza wageni, na wateja wetu hawakuwa wakitafuta hoteli.

Kwa maswali yao tulikwenda AltaVista. Mtambo huo, uliotolewa na kampuni ya Digital Equipment Corporation mwezi Desemba 1995, ulisoma kurasa kwa mashine na kuhifadhi kila neno lililomo, kwa hiyo ulimruhusu mtu kutafuta neno lolote. Hapo ndipo palipokuwa na nguvu yake na taabu yake pia, kwa sababu ulijua maneno tu, wala haukujua aliyeyaandika alikusudia nini.

Nitaeleza swali moja kwa urefu. Alikuja mzee kutoka upande wa Wete, Pemba, akiongozwa na mjukuu wake aliyekuwa akisoma skuli mjini. Baada ya salamu, nikampa kiti, akasema, "Mwanangu, mikarafuu yangu inakufa imesimama. Mti una majani mazima, baada ya siku chache yamekauka yote, na wala hayaanguki. Niulizie wenzetu wanaolima karafuu huko duniani wanaufanyaje ugonjwa huu."

Tukaanza na neno la Kiingereza la karafuu peke yake, ili yeye mwenyewe aone linaleta nini. Zikaja kurasa chungu nzima za mapishi, kwa kuwa Waingereza hulitumia neno hilo hilo kwa kidole cha thomu. AltaVista iliruhusu kuweka alama ya kujumlisha mbele ya neno lisilotakiwa kukosekana, na alama ya kutoa mbele ya neno lisilotakiwa kabisa. Nikaandika +clove +tree -garlic. Thomu ikaondoka, yakaja mafuta ya karafuu kwa maumivu ya meno. Tukaongeza neno la maradhi. Zikaja kurasa za Indonesia, nchi inayoongoza duniani kwa kuzalisha karafuu, na mjukuu akafurahi akidhani tumefika.

Mzee hakufurahi. Nilimtafsiria ukurasa mmoja mstari kwa mstari. Ulieleza ugonjwa unaoitwa kwa jina la kisiwa cha Sumatra, unaosababishwa na bakteria wanaoenezwa na wadudu wanaofyonza utomvu, na ulisema kwamba mti huanza kufa kutoka kileleni ukishuka chini, ukadhoofika kwa muda mrefu kabla ya kufa. Akatikisa kichwa. "Huo si wetu. Wetu haungoji." Kwa maneno hayo machache alikuwa amenipa neno lililokosekana. Nikaongeza +Zanzibar pamoja na maneno ya kifo cha ghafla ndani ya alama za kunukuu, ambazo ziliuamuru mtambo uyatafute maneno yakiwa yamefuatana vivyo hivyo. Orodha ikawa fupi sana, na ndani yake zilitajwa kazi za watafiti F. J. Nutman na F. M. L. Sheffield, walioufanyia utafiti ugonjwa huu hapa hapa Zanzibar katika zama za Waingereza. Palitajwa pia kuvu aitwaye Valsa eugeniae, aliyehusishwa na ugonjwa huo katika miaka ya 1950.

Mtambo wenyewe usingeweza kuchagua baina ya maradhi haya mawili. Aliyechagua ni mkulima aliyeitazama miti yake ikifa, na laiti angekuja mjukuu peke yake, angerudi Pemba na karatasi za kupambana na wadudu wa Sumatra. Tulimchapishia kurasa hizo azipeleke kwa bwana shamba wa kwao. Muhtasari wa utafiti hautibu mti, lakini jina sahihi la ugonjwa lilimwezesha bwana shamba kujua aanzie wapi.

Nadhani watu wengi wameisahau gharama ya kazi hiyo. Mawasiliano yetu yalipitia satelaiti, mteja alilipa kwa muda aliokaa, na ukurasa mmoja wenye picha uliweza kumaliza sehemu nzuri ya fedha zake kabla haujafunguka. Tulizima picha katika Netscape, programu tuliyotumia kufungulia kurasa, ili yaje maandishi matupu. Tuliwahimiza wateja waandike swali lao nyumbani, na chini yake waandike maneno yote wanayoyajua yanayohusiana nalo: jina la kitaalamu, jina la mahali, majina ya vitu vinavyofanana nacho ambavyo wao hawavitaki. Aliyepungukiwa na neno la Kiingereza tulimtazamia katika kamusi ya Kiswahili iliyoanzishwa mtandaoni katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994, nayo ilitusaidia mara nyingi. Ukurasa mrefu tuliuhifadhi katika flopi, diski ndogo ya kubebea mafaili, ya megabaiti 1.44, ukasomwe kwa utulivu kwenye kompyuta isiyolipiwa. Watu walifika na vipande vya karatasi vilivyokunjwa mifukoni, na kila nilipokisoma kipande cha namna hiyo niliweza kujua mapema ikiwa swali litapata jibu.

Wanafunzi wa skuli walipenda zaidi Ask Jeeves, iliyoanzishwa Berkeley, California, mwaka 1996 na Garrett Gruener na David Warthen, kwa sababu ilimwambia mtu aandike swali kamili kama anavyolisema. Ilionekana kama inaelewa. Ukweli ni kwamba walikuwapo wahariri waliokwisha kuandaa mifano ya maswali na kuyaunganisha na kurasa zenye majibu, na mashine ililinganisha swali la mtoto na mfano uliokaribiana nalo. Kwa hiyo lilijibika vizuri swali ambalo Mmarekani alikwisha kuliuliza. Mtoto aliyeuliza kwa nini bahari hujaa na kupwa alipata maelezo mazuri ya mvuto wa mwezi na jua. Aliyeuliza maji yatatoka saa ngapi Makunduchi alipewa fukwe za watalii. Hilo la pili halikuhitaji mtambo, kwani mvuvi yeyote wa huko, akijua leo ni mwezi ngapi, hukuambia kama ni bamvua au maji mafu, kwa kuwa bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu.

Palikuwa na maswali ambayo hayakuwa na ukurasa wowote, na kwa hayo nilijifunza kuyathamini makundi ya Usenet, mabaraza ya mtandaoni ambamo watu waliandikiana maswali na majibu. Hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa kazi ya Tom Truscott na Jim Ellis wa Chuo Kikuu cha Duke, na huduma ya Deja News ilianza kuyahifadhi na kuyafanya yatafutike mwaka 1995. Nahodha mmoja kutoka Mkokotoni alikuwa na mashine ya boti iliyokuwa ikichemka, na kile kijito cha maji kinachotoka pembeni mashine inapofanya kazi kilikuwa kimekatika. Katika mazungumzo ya zamani ya watu wenye boti, katika nchi tusizozijua, tulikuta wengi wakielekeza mahali pamoja: feni ya mpira iliyo ndani ya pampu ya maji, ambayo huchakaa na kuvunjika mabawa. Nilichokipenda ni kwamba walikuwa wakibishana. Mmoja alisema ni pampu, mwingine akasema anza kwanza na tundu la kutolea maji, huenda limezibwa na chumvi au mchanga. Nahodha alitaka nimsomee hoja za pande zote mbili, akaondoka akiwa na mpangilio wa kazi kichwani: tundu kwanza, kwa kuwa halina gharama, kisha pampu.

Google ilipotufikia tuliihamia upesi. Larry Page na Sergey Brin, waliofungua kampuni yao mwaka 1998, walizipanga kurasa kwa kutazama ni kurasa ngapi nyingine zinazozielekea na zina uzito gani, na kwa njia hiyo uchafu mwingi ulizama chini. Wateja walipungukiwa na kazi ya alama na vipande vya karatasi. Mimi niliifurahia kama wengine, ila kanuni yake iliwapendelea wanaotajwa na wengi, na ukurasa ulioandikwa na mtu wa Pemba kuhusu jambo la Pemba hautajwi na wengi. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ilianza kuliziba pengo hilo polepole, na waya wa baharini wa SEACOM, uliofika Dar es Salaam mwaka 2009, ulipunguza taabu ya kungoja.

AltaVista ilifungwa mwaka 2013, na orodha ya Yahoo ikafuatia mwaka 2014. Alama ya kutoa na alama za kunukuu bado zinafanya kazi ndani ya Google, na mimi huzitumia karibu kila siku, hasa ninapotafuta habari za Zanzibar na nikataka kuyaondoa matangazo ya hoteli. Jirani yangu alinijia juzi akitaka kujua kwa nini vanila yake inachanua lakini haizai. Kabla ya kugusa simu nilimwomba aniambie maua hufunguka saa ngapi, hukaa muda gani, na kama kuna mtu anayeyachavusha kwa mkono. Maua ya vanila hufunguka asubuhi na kufa siku hiyo hiyo, na bila mkono wa mtu hapa kwetu hayashiki. Alipofika kwenye swali la tatu alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe," na tukaitumia simu kumwonyesha tu jinsi ya kuushika ule ujiti mdogo wa kuchavushia.